Redio ya CB ya zamani: ya valvu, ya chaneli 23 au ya chaneli 40?

Ukizunguka kwenye minada ya vitu vya zamani Marekani, au kwenye magulio ya mafundi redio, utakuta redio za CB (Citizens Band, redio za kuongelea za raia wa kawaida) za aina tatu zimepangwa meza moja kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna kubwa za mezani zinazotumia valvu, zile taa za kioo za kabla ya transista. Kuna ndogo za gari, za transista, zenye chaneli 23, zilizokuwa zikitoka viwandani hadi 1976. Na kuna za chaneli 40, zilizoanza kuuzwa Januari 1977. Zote ziko kwenye mawimbi ya megahezi 27, na zote ukizifungia antena nzuri zitakupatia mtu wa kuongea naye. Lakini kazi zake si moja, na muuzaji anayekwambia "chukua hii, kaka, ni nzuri" kabla hajakuuliza utaiweka wapi bado hajakusaidia.

Naandika hasa kwa wenzetu wanaoendesha malori ya masafa marefu kule, watu wa Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi, ambao wameikuta CB kazini na sasa wanaanza kuzitamani zile za zamani. Wapo pia walioko Uingereza na Ujerumani, na wapo wanaotaka kusafirisha moja kuipeleka nyumbani. Nitawagusa wote.

Kwa nini zipo nyingi hivi

FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilifungua mawimbi haya kwa raia wa kawaida mwaka 1958. Kwa miaka mingi yalitumiwa na wakulima, wenye biashara ndogo na wavuvi. Mafuta yalipoadimika mwishoni mwa 1973, kisha mwendo wa barabara kuu ukashushwa hadi maili 55 kwa saa, madereva wa malori wakaigeuza CB kuwa chombo cha kupeana habari: kituo kipi kina dizeli, askari kajificha wapi. Homa ikaenea nchi nzima. Hata mke wa Rais, Betty Ford, alikuwa na jina lake la hewani, First Mama. Chaneli 23 zikafurika watu, na tarehe 1 Januari 1977 zikaongezwa kuwa 40. Viwanda vilivyokuwa na maghala ya redio za chaneli 23 vikaziuza kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana hadi leo utazikuta gereji baada ya gereji, nyingine bado ziko kwenye maboksi yake.

Vigezo vya kuchagulia

Mimi huangalia mambo manne, na bei ya kununulia huiweka nyuma ya yote, kwa sababu redio ya zamani hulipiwa mara mbili: siku unayoinunua, na siku inayoingia kwa fundi.

La kwanza ni watu unaotaka kuongea nao. Madereva wa malori Marekani wako chaneli 19, wanatumia AM. Dharura ni chaneli 9. Wapenzi wa kuongea mbali wanatumia saidibendi, ile inayoandikwa SSB, inayorusha upande mmoja tu wa wimbi, na kwao mahali pa kuitana ni chaneli 38 upande wa LSB, yaani upande wa chini. FM imeruhusiwa Marekani tangu 2021 tu, kwa hiyo usiitegemee kwenye redio ya zamani ya nchi hiyo.

La pili, itakaa wapi na itakula umeme gani. La tatu, ikizimika nani ataifungua. La nne ni sheria: Marekani leseni ya CB ilifutwa 1983, lakini redio yenyewe lazima iwe imepitishwa na FCC. Geuza redio, tafuta kibandiko au maandishi yanayosema hivyo. Isiyo nayo ibaki ya kusikilizia. Na nguvu ya AM mwisho ni wati 4, saidibendi wati 12, iwe redio ina taa ngapi au mita kubwa kiasi gani. Vikuza nguvu vya kuongezea nje ya redio haviruhusiwi.

Jambo moja liko juu ya redio zote: antena. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa kama mita 11, na linataka antena ndefu. Robo yake ni kama mita 2.7. Redio ya kawaida yenye antena iliyopimwa vizuri itaipita redio ya kifahari iliyofungiwa kijiti kifupi. Nunua kipimo cha SWR, kinachoonyesha kama antena inapokea nguvu ya redio au inairudisha. Kikisoma 1.5 au chini yake, uko salama. Kikikaribia 3, acha kabisa kubonyeza maiki hadi utafute tatizo. Na kamwe usirushe bila antena, hata kwa sekunde chache za kujaribu.

Redio za mezani za valvu

Hizi ndizo zinazowatoa watu machozi. Majina yanayotafutwa sana ni Browning Golden Eagle, iliyotoka Laconia, New Hampshire, na Tram D201, nayo ya jimbo hilo hilo. Zipo pia Johnson Messenger za mwanzo, kutoka Waseca, Minnesota, ndogo na nyepesi kuliko hizo mbili.

*Hewani.* Sauti yake ni nene na tulivu. Golden Eagle ni masanduku mawili, moja la kupokelea na moja la kurushia, na inafahamika kwa mlio mfupi, "ping", unaosikika mtu anapobonyeza maiki. Wazee wa hewani humtambua mwenye Browning kwa mlio huo kabla hajasema neno. Nyingi ya mashine hizi ni za chaneli 23. Zina AM, na zile kubwa zina saidibendi pia. Zina tabia ya kuhama masafa (frikwensi) kidogo kidogo hadi zipate moto, kwa hiyo kwa saidibendi, ambako kupishana kidogo tu kunageuza sauti ya mtu kuwa ya bata, ziwashe mapema uziache zitulie.

*Umeme na nafasi.* Zinataka meza, na zinataka hewa ya kupita nyuma. Zimetengenezwa kwa volti 120. Ukiipeleka Arusha au Mombasa kwenye volti 230 bila transfoma ya kushusha, itakufa siku hiyo hiyo.

*Ufundi na vipuri.* Hapa ndipo pa kukaa kitako. Ndani ya redio ya valvu kuna mamia ya volti, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Kama hujawahi kushika redio ya valvu, usianze peke yako. Mafundi wetu wanaijua njia ya taa ya mfululizo, na hapa inafaa mno: unaunganisha balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 hadi 100, mfululizo na redio, ndipo unawasha. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, redio inavuta umeme wake wa kawaida. Ikibaki inang'aa, ndani kuna shoti, na hiyo balbu imeiokoa transfoma ambayo huwezi kuipata dukani. Fanya hivyo kwa kila redio iliyolala miaka, hata kama muuzaji kaapa kwamba inafanya kazi.

Valvu zenyewe si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Baadhi, kama 12AX7, bado zinatengenezwa kwa ajili ya amplifaya za gitaa. Nyingine zinapatikana kutoka akiba za zamani. Kinachosumbua ni kapasita zilizokauka, na maiki. Maiki inayopendwa na watu wa valvu ni Astatic D-104, ile yenye kichwa cha mviringo cha chuma juu ya shina. Ni nzuri kweli, lakini ile ya asili ina kipande cha kristali ya chumvi kinachoharibiwa na joto kali na unyevu. Kwa anayeishi Tanga au Zanzibar, aweke akilini kwamba kipande hicho hakitadumu.

*Sheria.* Kagua kwa makini. Redio za valvu za miaka ya 1960 ndizo nyingi zaidi zisizo na alama ya kupitishwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye chumba, mwenye subira, mwenye fundi au aliye tayari kuwa fundi. Golden Eagle nzima itakugharimu mamia ya dola, na kuipata nzima kweli kunataka kungoja.

Redio za transista za chaneli 23

*Hewani.* Watu huzidharau kwa sababu ya hiyo namba 23, na huo ni uonevu. Chaneli 9 imo. Chaneli 19 imo. Dereva ambaye hatoki chaneli 19 hatapungukiwa kitu. Chaneli 24 na 25 zenyewe ziko kati ya 22 na 23 kwa masafa. Palikuwa na pengo pale, likajazwa 1977. Anayepungukiwa ni mtu wa saidibendi, kwa sababu 38 haipo, na enzi zile watu wa saidibendi walikuwa wakiitana 16, ambako leo hutawakuta wengi. Ukikuta ya chaneli 23 yenye saidibendi, ipende kwa kuwa ni ya historia, lakini ujue utakuwa na watu wachache wa kuongea nao.

Kitabu chake kikisema wati 5, usidhani umepata nguvu ya ziada. Walikuwa wakipima nguvu inayoingia kwenye hatua ya mwisho ya redio. Inayotoka kwenye antena ni wati tatu na kitu.

*Umeme na nafasi.* Volti 12, ndogo, inakaa chini ya dashibodi bila shida kwenye gari dogo na kwenye malori ya Marekani. Angalia maandishi ya nyuma kuhusu waya wa bodi. Baadhi ya redio za enzi hizo zilikubali magari yenye chanya ya betri kwenye bodi na yenye hasi, nyingine hazikukubali.

*Ufundi na vipuri.* Redio hizi hazina kompyuta wala PLL, kile kipande cha elektroniki kinachotengeneza masafa ya chaneli zote. Zinapata chaneli zake kwa kuchanganya kristali, kwa kawaida 14: kundi la kristali sita, kundi la kristali nne, na nne nyingine za kutofautisha kupokea na kurusha. Sita mara nne ni 24. Chaneli 23 zinatokea hapo. Ukilielewa hili, unaweza kuipima redio mezani pa muuzaji bila kufungua skrubu hata moja. Washa, fungua skwelchi (kitufe cha kunyamazisha mkwaruzo) hadi usikie mkwaruzo, kisha zungusha chaneli moja moja kutoka 1 hadi 23. Mkwaruzo ukikatika 5, 6, 7 na 8 kwa mpigo, kristali moja ya lile kundi la sita imekufa. Ukikatika 1, kisha 5, kisha 9, kisha 13, ni moja ya kundi la nne. Ukikatikakatika na kurudi unapotikisa swichi, kristali ni nzima, ni swichi tu imejaa uchafu na dawa ya kusafishia itaimaliza. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kununua huku unatabasamu, kwa sababu muuzaji ataiuza kama mbovu.

Kristali iliyokufa ni habari nyingine. Kuipata ya namba ile ile maana yake ni kununua redio nyingine mbovu ya aina hiyo hiyo na kuichinja. Kapasita na transista za kawaida zinabadilika bila taabu. Ubao una nafasi, na mtu anayejifunza kulehemu hapati mwalimu mzuri kuliko redio hii.

*Sheria.* Za miaka ya 1970 nyingi zina alama ya FCC. Tazama tu.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwenye fedha kidogo, mwenye gari la zamani linalostahili redio ya rika lake. Mara nyingi huuzwa kwa dola chache. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye furaha nyingi kwa fedha kidogo, ingawa najua wenye Browning hawatakubali.

Redio za chaneli 40, 1977 na kuendelea

*Hewani.* Unapata kila kitu: 9, 19, na 38 kwa zenye saidibendi. Zilitengenezwa chini ya masharti makali zaidi ya FCC kuhusu kuvujisha mawimbi, kwa hiyo haziingilii televisheni ya jirani kama za zamani. Nyingi zina kizuia-kelele, na leo hilo ni jambo kubwa, maana chaja za simu na taa za LED zimeijaza hewa mkwaruzo ambao wa 1965 hawakuujua. Jua linapokuwa na madoa mengi, kama ilivyokuwa 2024, sauti za majimbo ya mbali huingia mchana na kuzika za karibu. Hapo saidibendi inasikika pale AM inaposhindwa. Zamani kuongea na mtu wa mbali sana ilikuwa kosa kisheria Marekani. Katazo hilo liliondolewa 2017.

Majina: Cobra 29 kwa AM, Cobra 148 GTL kwa AM na saidibendi ya gari, na Cobra 2000 GTL ya mezani, yenye saa na kipimo cha masafa kwenye uso wake.

*Umeme na nafasi.* Za gari ni volti 12. Hapa nawaonya wenzangu wa Ulaya na wa nyumbani: malori ya Ulaya, na mengi yanayotembea barabara ya Dar hadi Tunduma au Mombasa hadi Malaba, ni ya volti 24. Ukiunga CB ya volti 12 moja kwa moja unaichoma. Funga kibadilishaji cha 24 kwenda 12, na usichukue umeme kutoka betri moja kati ya mbili, maana betri zitazeeka kwa kupishana.

*Ufundi na vipuri.* PLL imeondoa msitu wa kristali, ila nayo ina mtego wake: kipande hicho kikifa, kwa baadhi ya redio hakitengenezwi tena. Transista za mwisho za kurushia, kama 2SC1969, zimejaa bandia sokoni. Zinafanana kwa maandishi lakini hazina nguvu. Nunua kwa fundi anayezipima kwanza.

Shida kubwa kuliko zote kwa kundi hili ni redio zilizochezewa. Za saidibendi hasa zilipendwa na watu waliotaka chaneli za ziada na nguvu ya ziada. Tafuta tundu lililotobolewa kwenye bodi, swichi ndogo ambayo kitabu hakiitaji, skrubu zilizokwaruzwa, waya mpya ndani kati ya waya za zamani. Redio kama hiyo si halali tena hewani, na mara nyingi sauti yake inapasuka kwa kuwa mtu alikata kipande kinachodhibiti ukubwa wa sauti.

Kwa upande mwingine, hakuna redio ya zamani inayopata fundi kwa urahisi kama Cobra 29, kwa sababu ukoo wake bado unauzwa mpya. Vituo vikubwa vya malori kama Iowa 80 pale Walcott, Iowa, vina duka la CB hapo hapo, na dereva anaweza kupimiwa redio wakati wa mapumziko.

*Sheria.* Isiyochezewa haina tatizo. Na kwa wenye malori: katazo la serikali kuu la kushika simu wakati wa kuendesha, la tangu 2012, halikuigusa CB. Majimbo yana yake, kayasome.

*Inamfaa nani.* Anayetaka redio ya zamani ifanye kazi kila siku.

Walio nje ya Marekani

Uingereza iliruhusu CB tarehe 2 Novemba 1981, kwa FM na kwa masafa yake yenyewe. Redio za enzi hiyo zina muhuri wa "CB 27/81" usoni. Ni nzuri kukusanya na leseni haihitajiki, lakini haiongei na Cobra ya Marekani: masafa si yale, na FM si AM. AM na saidibendi ziliruhusiwa kule 2014 tu. Aliyeko Leicester akitaka kuongea na wenyeji wa zamani achukue 27/81. Akitaka ya Marekani, aipeleke kwanza kwa fundi aikague nguvu yake. Ujerumani walianza 1975 kwa chaneli 12 na nusu wati, kwa hiyo redio za kwanza za huko ni za kuangalia zaidi kuliko za kutumia.

Sasa, kwa hali yako

Kama unaishi ndani ya lori wiki nzima na unataka kitu chenye sura ya zamani kinachokwambia ajali iko maili ngapi mbele, chukua Cobra 29 isiyochezewa, tenga fedha ya kubadilisha kapasita, na fedha iliyobaki iweke kwenye antena.

Kama una gari la miaka ya 1970, au unataka kujifunza ufundi, tafuta ya chaneli 23 ya AM, ikiwezekana mbili za aina moja, nzima na mbovu.

Kama unapenda kukaa usiku ukitafuta sauti za mbali, ni chaneli 40 yenye saidibendi. Lipa zaidi kwa ambayo skrubu zake hazijaguswa.

Kama una chumba, una fundi, na moyo wako uko kwenye mwanga wa valvu, usijilazimishe kununua Cobra kwa kuwa ni ya busara. Ngoja Browning au Tram yako, na ikija, anza na ile balbu.

Na kama unataka kuipeleka nyumbani, zungumza na mamlaka kabla ya kuifunga kwenye boksi: TCRA kwa Tanzania, Communications Authority kwa Kenya. Chombo cha kurushia mawimbi kinaweza kukwama forodhani bila kibali. Ukishakipata kibali, peleka mbili zinazofanana, na moja mpe mtu ambaye yuko ndani ya kilomita chache. Ukiwa na redio moja tu katika mji usio na mwingine mwenye CB, utakuwa na mkwaruzo peke yake.